Tulivyokaa duara Shela

Bendi yetu ina watu wanne, na wote ni wa nyumba moja. Mimi napiga gitaa la besi, mdogo wangu wa kiume yuko kwenye drams, dada yetu ana kinanda, na mwana wa khalati yetu anaimba huku akipiga gitaa. Tunapiga pop na roki kwa Kiswahili, nyimbo tunazotunga wenyewe. Kwa miaka miwili tulifanya mazoezi nyumbani kwa nyanya, Langoni, mtaa mmoja wa mji wa Lamu, katika kile kiwanda, yaani ua wa ndani, ambacho nyumba za kale za Lamu zinacho, wazi juu na kuta nene za matumbawe pande zote. Tulikuwa tukianza baada ya alasiri na kunyamaza kabla ya magharibi, na majirani hawakuwahi kutulalamikia.

Kazi yetu ya kwanza mbele ya watu tuliipata Malindi, katika bustani ya hoteli moja. Nilihangaika sana kuitafuta. Kila niliyempigia simu aliuliza kama tunajua nyimbo za watalii, nami nilikuwa nikijibu kwamba sisi ni ndugu na tuna nyimbo zetu. Marehemu ami yetu alizoea kutusimulia habari za Them Mushrooms, wale ndugu wa ukoo wa Harrison wa hapa hapa Pwani, walioanza mwaka 1972 na kupiga kwenye mahoteli miaka mingi. Alituambia kwamba ndugu wakipanda jukwaani hawahitaji kuhesabiana mapigo. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na ndiyo maana Malindi iliniumiza.

Jukwaa lilikuwa pana, kama mita kumi kutoka upande huu hadi ule. Tulijipanga mstari mmoja tukiwatazama watu, kama tulivyoona bendi nyingine zikifanya. Binamu akasimama mwisho wa kulia, dada mwisho wa kushoto, mimi katikati, na drams nyuma kabisa. Spika ya kujisikia ilikuwa moja tu, nayo imeelekezwa kwa mwimbaji. Wimbo wa kwanza ulipita. Wa pili drams zikaanza kukimbia, na kufika wa tatu gitaa liko kwenye kiitikio huku kinanda bado kiko kwenye ubeti. Nilimsikia binamu akipandisha gitaa lake, mdogo wangu naye akazidi kupiga kwa nguvu, maiki ikaanza kupiga mluzi. Watu walikuwa wastaarabu, walipiga makofi. Lakini njiani kurudi, tangu Malindi hadi Garsen na Witu mpaka jeti ya Mokowe, hakuna aliyemsemesha mwenzake. Mdogo wangu aliamini kwamba binamu alimharibia makusudi. Binamu naye aliamini hivyo hivyo juu yake.

Aliyetutoa hapo ni nyanya. Kulikuwa na video iliyopigwa kwa simu, na siku moja baada ya chai ya jioni alitaka kuiona. Akaitazama yote, dakika kumi na kitu, kimya. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona hamtazamani? Kwani mlikuwa mmenuniana tangu kabla ya kupanda?"

Nilimwambia hapana, tulikuwa tumepatana vizuri.

"Basi hapa nyumbani hukaa mkitazamana," akasema. "Huyu mdogo wako huwa hakuondolei macho."

Niliirudia video usiku ule nikiwa peke yangu, na ilikuwa kweli. Langoni tulikuwa tukikaa duara, magoti karibu yagusane. Mdogo wangu hujua lini apunguze kwa kutazama mkono wangu wa kulia, na binamu huinua kidevu kidogo kabla hajaingia kwenye kiitikio. Hakuna aliyewahi kutufundisha alama hizo, zimekuja zenyewe kwa kulelewa pamoja. Malindi tulizikata zote kwa kujipanga mstari. Halafu kuna umbali wenyewe. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kinachotoka mita kumi mbali nawe hukufikia kimechelewa karibu sehemu tatu za mia za sekunde. Ni kidogo ukikisema, lakini kwa mpiga drams ni kikubwa. Dada alikuwa akimfuata mdogo wangu kwa kuchelewa, mdogo wangu akimsikia dada anaburura, akawa anasukuma. Hakuna aliyemharibia mwenzake.

Nikawaita wote na kuwaeleza, nikiwaonyesha kwenye video sekunde kwa sekunde. Binamu hakukubali mara moja. Aliona kwamba kumpa mtazamaji ubavu ni utovu wa adabu. Nilimpa mfano wa Haim, wale dada watatu wa Los Angeles anaowapenda, Este, Danielle na Alana, ambao walianza kwa kupiga pamoja na wazazi wao kabla ya kuwa na bendi yao. Waliposhika njia yao walikuwa wameshazoeana kwa muziki wa nyumbani. Sisi tulikuwa nao huo muziki wa nyumbani, tukauacha Langoni.

Jambo la pili lilikuwa sauti yenyewe, na hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Drams zikiwa kubwa, gitaa hupandishwa, gitaa likipanda mwimbaji hajisikii, maiki inafunguliwa zaidi, na maiki ikifunguliwa mno inanasa spika na kulia. Mzizi ni drams. Mdogo wangu alikua akipiga matari kwenye maulidi, ana mkono mzito na mzuri, sikutaka kumwambia apige kinyonge. Nyanya alitupa leso yake moja kuukuu. Tukaikunja na kuitandika juu ya ngoma ndogo, na shuka tukalijaza ndani ya ngoma ya mguu. Akaendelea kupiga kwa nguvu zake zote, lakini mlio ukawa mfupi, umetulia. Siku ile ile gitaa likashuka, na kwa mara ya kwanza nilisikia kila neno la binamu bila maiki kupandishwa.

Kazi ya pili ikatoka Shela, kijiji cha pale pale kisiwani Lamu, kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni, mwezi wa nane. Nilikwenda kwanza kumwona imamu wa msikiti wa jirani na wazee wa mtaa. Tukakubaliana tuanze baada ya isha, tumalize saa nne, na spika zielekezwe baharini. Walinishukuru kwa kwenda kuwauliza, na mzee mmoja alikuja kusikiliza akakaa pembeni mpaka mwisho.

Vyombo tulivipeleka kwa mashua. Nilitazama maji siku tatu kabla, kwa sababu ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na wakati wa maji kupwa mashua haikaribii ufuoni. Ungebeba spika mabegani ukitembea kwenye tope. Tulishuka maji yakiwa yamejaa. Kutoka pale ni mkokoteni na punda. Nyaya zote nilizifunga ndani ya mifuko, na nyuzi za gitaa tulizibadilisha mchana ule ule, maana chumvi ya bahari huzila kwa haraka. Kusi lilikuwa linavuma, basi tukajipanga mahali ambapo ukuta unatukinga na upepo, na maiki tukazivalisha sponji.

Tulikaa duara lililofunguka upande mmoja, upande wa watu. Drams zilikuja mbele, mita moja na nusu kutoka kwangu. Nilimwona mdogo wangu akitazama mkono wangu.

Wimbo wa nne, binamu alisahau kuingia kwenye kiitikio. Kidevu hakikuinuka. Sote tuliona, wote watatu kwa pamoja, tukauzungusha ubeti mara nyingine bila kuambizana. Alipotuona tumebaki naye alitabasamu, kisha akainua kidevu, tukaingia. Dada alikuwa akilia huku akipiga. Watu walisimama kucheza kuanzia hapo, wenyeji na wageni, na watoto wa Shela walikuwa wamejaa mlangoni.

Saa nne kamili tukazima. Mashua ilisubiri maji ya alfajiri, basi tulilala pale pale kando ya vyombo, mdogo wangu na binamu wakizungumza mpaka usiku wa manane juu ya wimbo mpya. Leso ya nyanya ingali juu ya ngoma. Nilipotaka kumrudishia, aliniuliza kazi nyingine ni lini.