Kifaa hakina kioo wala kibodi, utakipaje paswedi ya waifai? Hapo ndo NFC inaingia

Watu wakiongelea intaneti ya vitu, yaani vifaa vya kawaida vilivyounganishwa na mtandao, wanakimbilia kwenye 5G na akili bandia na data kuhifadhiwa huko mbali kwenye maseva, na mimi kila nikisoma hizo habari najiuliza mbona hakuna anayegusa sehemu ngumu kuliko zote, yaani zile dakika za kwanza kabisa. Umepata balbu smati, au sensa ya joto, au kitasa cha mlango, umekichomeka, kijitaa chake kinawaka kinazima kinawaka kinazima, haya sasa kinaingiaje kwenye mtandao wako? Hakina kioo, hakina kibodi, hakijui mtandao wako unaitwaje, na wewe huna pa kukiandikia. Kwa mtazamo wangu wengi wanakatia tamaa hapo hapo, na hapo hapo ndo NFC, ile teknolojia ya vifaa kuongea vikisogezwa karibu sana, inafanya kazi kubwa ambayo haisifiwi, kwa sababu wengi wanaijua kwa kulipia tu, unagusisha simu kwenye mashine, inalia, unaondoka.

Njia iliyozoeleka ya kuunganisha hivi vifaa iko hivi, kifaa kinarusha waifai yake ya muda, simu yako inatoka kwenye waifai yako ya kawaida inaingia kwenye hiyo ya kifaa, apu inakitumia jina la mtandao na paswedi, kifaa kinazima waifai yake kinajaribu kuingia kwenye ya kwako, na simu nayo inarudi ilikotoka. Hesabu hatua hapo, na kila moja inaweza kugoma peke yake. Simu nyingi zikiona zimeunganishwa na waifai isiyo na intaneti zinahama zenyewe katikati ya shughuli! Msimbo wa QR unapunguza shida, sawa, lakini unabandikwa mgongoni mwa kifaa, kikishafungwa darini ndo basi tena, na kamera inataka mwanga.

NFC ikiwepo unasogeza simu kwenye kifaa, kwisha. Ila nataka tuelewe kwa nini inawezekana, maana ukielewa hapo na matumizi mengine yote yanafunguka.

Ndani ya simu kuna koili ndogo, yaani waya uliozungushwa, inayotengeneza uga wa sumaku kwa masafa ya 13.56 MHz. Upande wa pili kuna chipu yenye koili yake, na ile chipu inapata umeme kutoka kwenye uga wa simu yenyewe, yaani haina betri na haihitaji betri. Inajibu vipi sasa bila nguvu ya kurusha mawimbi yake? Inabadilisha tu mzigo kwenye koili yake, inaongeza inapunguza, na simu inahisi hayo mabadiliko kwenye uga wake yenyewe inayasoma kama data. Mi hii kitu kila nikiifikiria naona ni ufundi mzuri sana. Spidi yake ni ndogo, kilobiti 106 kwa sekunde hadi 424 kwa kawaida, na umbali kwenye makaratasi ni sentimita 10 lakini kwa kweli ukivuka sentimita 4 hivi inaanza kusumbua.

Haya mambo yana undugu wa zamani pia. Jina lenyewe la intaneti ya vitu lilitoka kwa Kevin Ashton mwaka 1999 alipokuwa anaielezea kampuni ya Procter & Gamble kuhusu RFID, ile teknolojia ya kutambua vitu kwa mawimbi ya redio, na NFC imezaliwa humo humo kwenye RFID, mwaka 2004 Nokia, Philips na Sony wakaanzisha NFC Forum ili vifaa vya kampuni tofauti viweze kuelewana. Kwa hiyo mtu akikwambia NFC imedandia intaneti ya vitu juzi juzi, sio kweli.

Sasa kitu muhimu kuliko vyote, na ndo hasa kilichonifanya niandike, NFC haibebi mzigo. Spidi ile na umbali ule huwezi kutuma picha ya kamera wala muziki. Kazi yake ni ya mshenga, inawakutanisha wawili, inawapa taarifa za kuanzia, halafu inakaa pembeni. Chipu inahifadhi data kwenye mpangilio unaoitwa NDEF, ambao simu nyingi zenye NFC zinauelewa, na ndani yake unaweza kuweka anwani ya Bluetooth ya kifaa, au jina la waifai na paswedi yake, au kiungo cha kufungua apu. Simu ikishasoma, Bluetooth au waifai inachukua kazi. Spika nyingi na hedifoni zinafanya hivi, unagusisha tu na kuunganisha kunafanyika bila kutafuta jina la kifaa kwenye orodha ya majina kumi na tano ya majirani. Na data inayohitajika ni kidogo mno, tegi, yaani kibandiko chenye chipu ya NFC, kama NTAG213 ina baiti 144 tu za mtumiaji na zinatosha kabisa kwa kazi kama hii.

Lakini hizo ni tegi bubu, zimeandikwa zimeandikwa. Utamu wenyewe uko kwenye chipu zenye milango miwili, mmoja wa antena upande wa simu, mwingine wa nyaya za I2C (njia ya chipu kuongea na chipu) kwenda kwenye mikrokontrola, yaani ubongo mdogo wa kifaa, mfano familia ya NTAG I2C. Hapo simu inaandika kwenye memori, kifaa kinasoma, kifaa kinaandika, simu inasoma. Na hii inaleta mambo matatu ambayo mtu yeyote anayebuni vifaa vya intaneti ya vitu angetakiwa ayafikirie siku ya kwanza.

La kwanza ni usingizi. Sensa ya betri inayotakiwa ikae miaka kadhaa haiwezi kuacha redio yake wazi ikisubiri mtu aje kuiunganisha, itamaliza betri hata kabla haijatoka stoo. Hizi chipu zina pini inayoshtuka uga wa simu ukikaribia, kwa hiyo kifaa kinalala fofofo na simu yenyewe ndo inakiamsha. La pili ni kukiandikia kifaa kikiwa hakina umeme kabisa, kwa sababu memori inapata umeme kutoka kwenye simu au kisomeo, kinaweza kuwa bado kwenye boksi lake ukakiwekea setingi zake zote kupitia karatasi ya boksi, kikija kuwashwa kinazikuta. Watengenezaji wa draiva za taa za LED, vile vifaa vinavyolisha taa umeme, wanafanya hivi kweli, mkondo wa umeme unapangwa kwa NFC bila kuiwasha draiva, zamani ulilazimika kuweka aina kibao stoo kwa ajili ya kila kiwango. La tatu, na hili nalipenda kuliko yote, ni kusoma kifaa kilichokufa. Kama kilikuwa kinaandika makosa yake kwenye ile memori kabla ya kuzima, fundi anakuja na simu anasoma kilichotokea mwisho, bila kufungua hata skrubu moja.

Mfano wa afya unaonyesha vizuri huu mgawanyo wa kazi. FreeStyle Libre, kile kisensa cha sukari kinachobandikwa mkononi, kilianza kuuzwa Ulaya 2014, kinakaa siku 14 na mgonjwa alikuwa anapitisha kisomeo juu yake, hata juu ya nguo, anapata kipimo kwa NFC. Kisensa kidogo hivyo, kikae wiki mbili mwilini, lazima matumizi ya betri yawe ya kubana sana. Ila angalia kasoro yake, usipogusisha huambiwi, sukari ikishuka usiku umelala NFC haina cha kukusaidia kwa sababu haiwezi kukufuata. Ndo maana Libre 2 ikaongezewa Bluetooth kwa ajili ya kengele za tahadhari. Ukitaka kifaa kikutafute wewe, NFC sio chaguo lako, ukitaka wewe ndo ukitafute kifaa, hakuna inayoishinda.

Usalama sasa. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kiliteka kamera na rauta nyingi sana kwa kujaribu tu majina na paswedi zile za kiwandani, ambazo zilikuwa zinafanana kwenye maelfu ya vifaa na hakuna aliyezibadilisha. Na kwa nini hazikubadilishwa? Kwa sababu kubadilisha ni usumbufu! NFC inasaidia hapa, kila kifaa kinaweza kutoka kiwandani na ufunguo wake wa kipekee ndani ya chipu, simu ikauchukua kwa kugusa tu bila binadamu kuandika chochote. Halafu ule umbali mfupi wenyewe ni ishara ya nia, aliyegusa alikuwepo pale pale, hajakaa bara lingine anajaribu bahati yake.

Ila tusidanganyane, ukaribu sio usimbaji, yaani data haijafichwa kwa sababu tu umbali ni mfupi. Tegi ya kawaida yeyote akipita na simu anaisoma, kwa hiyo ukibandika mlangoni tegi yenye paswedi ya waifai umeigawa. Namba ya utambulisho ya chipu nayo inaigwa, mfumo wa milango unaoangalia namba hiyo peke yake haufai kuitwa wa usalama. Kuna pia mashambulizi ya kupitisha mawasiliano, watu wawili, mmoja karibu na kadi yako, mwingine karibu na mlango, wanarushiana mazungumzo na mlango unaamini kadi iko pale. Kwa kazi nyeti zipo chipu kama NTAG 424 DNA zenye usimbaji wa AES-128, ambazo kila zikiguswa zinatoa ujumbe tofauti na seva inauhakiki, ukinakili wa jana leo haufanyi kazi.

Mtu anaweza kuuliza, kama ni nzuri hivi mbona haijajaa kila mahali? Jibu langu ni simu. Nexus S, simu ya Android ya Google, ilikuja na NFC 2010, lakini iPhone ya kwanza kuwa nayo ni iPhone 6 ya 2014, na ilikuwa ya malipo tu, kusoma tegi kukafunguliwa na iOS 11, mfumo wa iPhone, mwaka 2017 kuanzia iPhone 7, na lazima ufungue apu kwanza, mpaka XS na XR za 2018 ndo zikaanza kusoma zenyewe. Miaka yote hiyo mtengenezaji wa balbu angeweka NFC ya nini wakati sehemu kubwa ya wateja wake simu zao zitaiangalia tu?

Sasa hivi mambo yanakaa sawa. Matter, ule utaratibu wa pamoja wa vifaa vya nyumbani, kwenye toleo 1.4.1 la 2025 umeruhusu rasmi taarifa za kuunganishia kifaa zikae kwenye tegi ya NFC, sio QR peke yake. Mwaka huo huo NFC Forum wakatangaza Release 15, toleo la kanuni zao, inayopandisha umbali ambao vifaa lazima vithibitishwe kufanya kazi kutoka nusu sentimita hadi sentimita 2, inaonekana kidogo lakini ndo tofauti ya kuhangaika kutafuta pointi na kugusa mara moja. Na tangu 2020 wana utaratibu wa kuchaji kwa antena hiyo hiyo hadi wati 1, inatosha kwa kalamu au kifaa cha sikioni ambacho hakina nafasi ya koili nyingine.

Kwa wale mnaotengeneza vitu, ombi langu ni antena isiwe jambo la mwisho kufikiriwa. Chuma kinaua uga, kama gamba ni la chuma weka ferraiti (karatasi ya kuukinga uga na chuma) nyuma ya antena au toa dirisha la plastiki. Weka alama inayoonekana ya pa kugusa, kwa sababu iPhone antena iko juu na Android nyingi iko katikati ya mgongo, mtu asipojua agusishe wapi atasema kifaa kibovu. Na data ambayo haitakiwi kubadilishwa ifunge kabla haijatoka kiwandani, maana tegi ikiachwa wazi mtu yeyote anaweza kuandika kiungo chake juu ya cha kwako na simu ya mteja itakifungua bila kuuliza sana.