Nimetoka kwa panya wa maabara nikaenda Rondo kumsalimia bibi

Saa kumi na moja alfajiri niko Mbagala Rangi Tatu na begi moja na boksi la dawa za presha, konda ananiambia kaa dirishani braza leo hatusimami simami, uongo mtupu, tumesimama mpaka nikachoka kuhesabu. Na sikuwa nimelala. Usiku ule ule nimeshuka ndege natoka Ujerumani, huu mwaka wa tatu niko kule nasoma, na kazi yangu ukitaka niiseme kwa ufupi ni kupiga picha ubongo wa panya. Nikisema hivyo kwetu Lindi watu wanacheka mpaka machozi maana kwetu panya wa shambani ni samaki nchanga, anabanikwa, anakaushwa, anashuka na ugali, sasa mtu kapanda ndege kwenda ulaya kusomea panya! Mjomba wangu aliwahi kuniuliza, kwa hiyo huko mnawapiga picha kwanza ndo mnawala?

Kilichonirudisha ni sauti za WhatsApp za mama mdogo, kutoka Rondo kule kwetu Lindi. Alianza kidogo kidogo, bibi yako kasahau chumvi, bibi yako kauliza jambo moja mara tano. Halafu mwezi uliopita akatuma sauti ya dakika moja tu, kwa kunong'ona: bibi yako sasa anatoka nje usiku, majirani wameshaanza kusema anawanga. Hiyo ndo ikanipandisha ndege. Kusahau chumvi siyo tatizo, ila kijijini neno kuwanga likishatamkwa halirudi mdomoni.

Basi tukaenda. Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu wa kushuka Nangurukuru, mzee mmoja wa maswali, ukimjibu moja anakuja na mawili. Akataka kujua panya anapataje ugonjwa wa wazee. Nikamwambia shikamoo mwalimu hapo umegusa penyewe, panya wa kawaida hapati. Anaishi miaka miwili, akibahatika mitatu, anazeeka, anadhoofika, anakufa, lakini yale mabonge ya protini ya amiloidi ambayo tunayakuta kwenye ubongo wa mtu mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, yeye hana. Kwa hiyo wataalamu wakachukua jeni ya binadamu yenye hitilafu wakampandikizia panya, mwaka 1995 ndo wakatangaza wa kwanza aliyeota mabonge vizuri, na ninaowatumia mimi wana hitilafu tano kwa mpigo, wakifika miezi miwili tu tayari ubongo umeanza kuchafuka. Akasema, kwa hiyo nyie mnawapa ugonjwa halafu mnawatibu. Nikasema ndio. Wanapona? Panya wanapona sana mwalimu. Na watu?

Nikaangalia dirishani. Tulikuwa tunaingia Daraja la Mkapa, lile la mto Rufiji lililofunguliwa 2003, karibu kilomita nzima, basi linapita kabla hujamaliza kumenya yai. Mwalimu akasema enzi zake hapa ni pantoni ya Ndundu, mvua ikinyesha unalala siku mbili na mbu.

Nikaja kumjibu tumeshafika Somanga. Dawa zilizowasafisha panya ubongo ni nyingi mno, zikienda kwa watu zinagoma. Moja ya chache zilizopenya inaitwa lecanemab, Marekani waliipa ruhusa kamili 2023, kwenye majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 hivi, inapunguza kasi tu, haiponyi, na kwa kuanzia ni dripu kila wiki mbili na lazima upigwe picha ya ubongo ya MRI mara kwa mara maana inaweza kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu. Na sababu mojawapo ya kugoma kwa nyingine nadhani ni huyu huyu panya wangu. Hitilafu tunazompa ni za zile familia chache sana zinazorithi ugonjwa moja kwa moja, hazifiki hata mtu mmoja kati ya wagonjwa mia. Tena panya wangu ana mabonge lakini zile nyuzi za protini nyingine, tau, zilizosokotana ndani ya seli, ambazo kwa binadamu ndo zinaenda sambamba na kupotea kwa akili, hana. Ni mgonjwa nusu. Mwalimu akasema mmh, halafu akashuka zake Nangurukuru na kuniachia machungwa mawili.

Kutoka hapo mpaka Lindi nilikuwa najichekesha na hesabu. Kuna picha inaitwa PET, unamchoma mtu dawa yenye mionzi inayoenda kunata kwenye amiloidi, kisha mashine inaiona inapong'aa, ya kwanza kwa binadamu ilifanyika Uppsala kule Sweden 2002. Ile dawa ya mwanzo imetengenezwa na kaboni ambayo kila dakika 20 nusu yake inaisha. Sasa nikasema tufanye naibeba mimi kwenye hili basi kumpelekea bibi. Hata ingekuwa masaa kumi tu ya njia mpaka Rondo ni nusu ya nusu ya nusu mara 30, ukifika kwa bibi una sehemu moja kati ya bilioni, si bora upeleke machungwa.

Tukaikata Mingoyo, nikashuka Mtama, bodaboda akanipandisha Rondo jua linazama. Njia ile ukiijua hujui kuielezea, mchanga mwekundu, mikorosho, halafu ghafla baridi na msitu.

Bibi alikuwa barazani anachambua kunde. Shikamoo bibi. Akaniangalia, akacheka meno yote yaliyobaki, marahaba mume wangu, umerudi? Roho ikatulia pwaa. Maana huo ndo utani wetu tangu nazaliwa, mimi ni mume wake, mama mdogo ni wifi mbaya, kila siku. Nikamjibu nimerudi mke wangu nipe maji. Akanipa. Akakaa. Akauliza, Kikwetu wamekulipa? Nikacheka tena. Akauliza mara ya pili bila kucheka, mkonge wamekulipa au wamekukata? Hapo ndo nikaelewa. Babu alikuwa kibarua wa mkonge Kikwetu kabla mama yangu hajazaliwa.

Sijui nielezeje. Sentensi ile ile, mume wangu, imeanza kama utani na imeishia mahali pengine na mimi nimeshindwa kuona ilipokata kona. Mgonjwa wa kwanza kabisa, yule mama Auguste Deter wa Frankfurt, mwaka 1901 akiwa na miaka 51, daktari Alois Alzheimer alimuuliza mume wako anaitwa nani, akajibu Auguste, jina lake mwenyewe. Kule darasani nilikuwa naisoma hiyo naandika mtihani. Alipofariki 1906 daktari akaukata ubongo akaukuta na mabonge na nyuzi, ndo ugonjwa ukaja kupewa jina lake.

Usiku nikalala kwenye mkeka karibu na mlango wake. Komba walikuwa wanalia msituni, Rondo wana komba wao wadogo kabisa, gramu 60 hivi, wako hatarini kutoweka, na kila nikiwasikia namkumbuka ndugu yao wa mbali wa Madagaska, lemuri mdogo wa ukubwa huo huo, Wafaransa wanamfuga kwa ajili ya utafiti maana yeye akizeeka ubongo wake unasinyaa mwenyewe bila kupandikizwa jeni, na baadhi wanaota mabonge. Baadhi tu, wengine wanazeeka salama. Mimi hiyo baadhi ndo inaninyima usingizi kuliko panya wote.

Kama saa nane bibi akatoka. Kajifunga khanga, kashika jembe. Sikumzuia, nikamfuata. Akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye shamba la zamani, akasimama, akaangalia mbingu, akasema mbona hakukuchi leo. Basi. Huko ndo kuwanga kwenyewe. Mwanamke aliyelima maisha yake yote, saa ya ndani ya kichwa imekufa, anaamka kulima saa nane.

Asubuhi nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Sikwenda na somo, nilimsimulia nilichokiona usiku hivyo hivyo, jembe na mbingu. Akanyamaza. Nikamuonyesha kwenye simu picha ya panya wangu, ya mashine ya MRI ya tesla 9.4, tesla ndo kipimo cha nguvu ya sumaku, hospitalini wanatumia 1.5 au 3, ile yetu ina nguvu kwa sababu ubongo wa panya mzima ni uzito wa punje ya karanga. Nikamuonyesha ile sehemu ya kumbukumbu, hipokampasi, jina limetokana na farasi-bahari, Wazungu ndo waliona hivyo, mimi mtoto wa Lindi tangu siku ya kwanza niliona korosho, imepinda hivyo hivyo. Balozi akasema ni korosho hiyo. Nikamwambia basi ya bibi inaliwa na wadudu, ganda liko pale pale. Akasema atazungumza na watu. Na mimi namwamini, maana alianza kumzungumzia mama yake mwenyewe.

Nilikosea kitu kimoja, kumfanyia bibi kipimo. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti walishapita nyumba kwa nyumba, kwenye watu wa miaka 70 kwenda juu wakakuta asilimia 6.4 wana ugonjwa wa kusahau, na likatengenezwa jaribio la wazee ambao hawakwenda shule, maana ukimwambia mtu ambaye hakushika kalamu achore saa unampima shule siyo ubongo. Mojawapo ni kupanga njiti za kiberiti kwa mfano. Nikapanga nne. Bibi akaziangalia, akazikusanya moja moja, akazifunga kwenye pindo la khanga, akasema viberiti vimepanda bei we unachezea. Sifuri ya kipimo hiyo, sawa, lakini mi sijui kama ningempa sifuri. Swali jingine la kipimo, nikamuuliza daraja ni kitu gani. Akasema, daraja? Watu wanavuka kwa pantoni.

Tukampeleka kituo cha afya presha ikaja 178 kwa 96. Mama mdogo anasema dawa zilikuwepo, bibi alikuwa anasahau kama amekunywa, anakunywa mara mbili au hanywi kabisa. Hapo nikajiona mjinga kidogo na mashine zangu, kwa sababu presha na sukari na masikio kuziba ni vitu vinavyoumiza ubongo wa mzee kila siku na vinashikika kwa mkono, na kwa umri wake kuna uwezekano mkubwa siyo Alzheimer peke yake, mishipa nayo imo. Anasema alikuwa msichana Waingereza walipoleta matrekta ya karanga Nachingwea, hiyo ni 1947 mpaka 1951, piga hesabu mwenyewe. Tumekubaliana mama mdogo ndo anashika dawa na ufunguo wa mlango wa nyuma, na jembe linalala kwa balozi. Picha ya kichwa ya CT tutaifanya akitulia.

Siku ya kuondoka bodaboda kashawasha, bibi kanishika mkono, kanipa korosho za kubanguliwa kwenye mfuko wa rambo.

Mume wangu, ukifika Ndundu usilale nje, kuna mbu.

Nikamwambia sawa, ntalala ndani.