Nyundo, kifundo cha mkono na mtawa wa Shaolin

Masika ya mwaka jana bodaboda iliteleza na mi nikiwa juu yake, nikatanguliza kiganja cha kulia, na mlio niliusikia kabisa, kama ubao wa paini ukikatika. Eksirei ikaonyesha mfupa umevunjika pale karibu na kifundo, nikafungwa hogo wiki 6. Mi ni fundi seremala, niko Keko, sasa fundi seremala bila mkono wa kulia sijui unamwitaje.

Watu wanadhani kazi ni kuvumilia hogo. Hapana bana, shughuli inaanza likishatolewa. Mkono ulitoka umekonda na umepauka kama umefukiwa kwenye unga, vidole vinakunja lakini kifundo kimegoma, yani hata kugeuza kiganja juu nipokee chenji siwezi, kwenye daladala napokea kwa kushoto halafu konda ananiangalia kama sina adabu. Dada wa mazoezi ya viungo akanipa kazi za kitoto: kuminya kimpira, kuloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kukutanisha viganja kama mtu anayeomba dua halafu nashusha taratibu. Mwisho akasema, "Kaka we si fundi, nyundo unayo? Uegemeze mkono mezani, uishike, uilaze kulia, uirudishe, uilaze kushoto, polepole, mara 10, asubuhi mchana na jioni. Shika karibu na chuma kwanza, ukipata nguvu ndo unasogea mkiani."

Nikacheka moyoni. Nyundo nimeishika zaidi ya miaka 20, leo nafundishwa kuilaza? Kufika nyumbani nikaikamata mwisho kabisa wa mpini, kama mwanaume. Ilipolala upande wa pili haikurudi tena, ikadondoka pua kwa pua na mguu wa dogo wangu, na mi usiku ule sikulala kwa maumivu. Baada ya hapo siku tatu sikugusa zoezi lolote, nilikuwa nimenuna tu, mama watoto akiniuliza nasema kesho.

Sasa kwenye kununa huko ndo nikakutana na filamu ya zamani kwenye simu, ile ya vyumba 36 vya Shaolin ya mwaka 1978, ya Shaw Brothers wa Hong Kong. Sisi tuliiona kwenye kibanda umiza Temeke, mkanda umechoka mpaka picha inashuka mistari, Wachina wanaongea Kiingereza na midomo inaendelea kutembea wakati maneno yameshaisha. Hatukuelewa neno. Tulichojua staringi ni yule kipara, Gordon Liu, na kwamba tukitoka pale tunaenda kutafuta vijiti na mnyororo wa baiskeli, tutwangane. Yule ndo yuleyule mzee wa ndevu nyeupe kwenye ile filamu ya Kill Bill ya pili, na kwenye ya kwanza ndo kiongozi wa wale wenye vinyago, nilikuja kujua ukubwani nikabaki daah.

Nikaicheki upya na dogo pembeni, na safari hii sikuangalia ngumi. Kuna kipande utotoni kilinipita kabisa. Jamaa, San Te, anakaa hekaluni mwaka mzima anafagia na kufanya kazi ndogondogo, akiruhusiwa kuanza mafunzo anaulizwa aanzie chumba gani, anajibu cha juu kabisa, cha 35. Anaingia, anakuta wazee wanasoma sala haelewi hata moja, anapigwa chini bila kuguswa, anarudi kuanza cha chini kabisa. Na cha chini chenyewe ni kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ili afike kwenye chakula. Anatumbukia. Anakula amelowa. Dogo anacheka, mi nimenyamaza, maana najijua mimi na ule mpini.

Halafu kikaja chumba cha kifundo cha mkono. Aisee. Anapewa mwanzi mrefu wenye chuma kizito mbele, anaushika nyuma kabisa, na kila mtawa akigonga kibao chake na yeye agonge kengele. Tok, ngoo. Tok, ngoo. Mara ya kwanza mikono inatetemeka, chuma kinaenda kinapotaka. Nikasimamisha filamu nikaangalia nyundo yangu iliyokuwa chini ya kitanda. Ni zoezi lilelile! Chuma kikikaa mbali na mkono kinakuwa kizito, na kifundo ndo kinabeba.

Baadaye nikasoma kidogo nikaelewa kwa nini haionekani ya kubuni sana. Mwongozaji wake, Lau Kar-leung, alikuwa mtu wa kung fu kweli, baba yake alifundishwa na Lam Sai-wing, na huyo alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung mwenyewe, gwiji wa kung fu wa China. Ndo maana sehemu kubwa ya filamu ni mtu anabeba ndoo za maji mikono imenyooka, visu vimefungwa mikononi, akishusha tu vinamchoma mbavuni. Siku hizi staringi anajifunza kila kitu ndani ya wimbo mmoja. Wale wana rap Wu-Tang Clan wa New York hawakuwa wajinga kuipa albamu yao ya 1993 jina la vyumba 36.

Basi nikarudi karibu na chuma. Nikachora kwa penseli mistari kwenye mpini, kila baada ya vidole viwili, dogo akawa ndo mtawa, anagonga sufuria kwa kijiko na mi nalaza nyundo. Akigonga haraka namgombeza, sheria ni polepole. Mstari wa kwanza tulikaa siku 9. Wa tatu ulinitesa karibu wiki 3, kuna siku nilirudi nyuma kabisa kwa sababu nilijifanya nafua jinzi. Nilipofika mkiani nilikwenda kumwonyesha yule dada, akaangalia ile mistari, akauliza, "Hii umeambiwa na nani?" Nikasema kuna mtawa mmoja hivi. Akaandika kitu kwenye faili.

Randa nimerudi kuisukuma, mninga bado natoa jasho na kijana wangu wa kazi ananipokea. Kifundo hakijakunja kama cha kushoto, na mvua ikikaribia kinanijulisha kabla ya wingu. Ila chenji napokea kwa kulia.

Shida imehamia kwa dogo. Amefunga nyundo yangu ndogo kwenye mti wa fagio, anatafuta kengele. Juzi kioo cha dirisha la sebuleni kimekwenda, na mama yake hakumwangalia yeye, ameniangalia mimi.