Usiku Mawingu Yalipoficha Jabari

Tulipata kama saa moja ya anga safi. Mwalimu wetu wa falaki alielekeza darubini chini ya mshipi wa Jabari, kundinyota la Orion, na zamu yangu ilipofika niliinama kwenye lenzi ya kuchungulia. Nikaona wingu hafifu la kijivu lililotandaza mbawa, na katikati yake nyota nne ndogo zilizosongamana. Hapo ndipo nyota zinapozaliwa. Nuru iliyokuwa ikiingia jichoni mwangu ilikuwa imesafiri miaka 1,300 hivi.

Kioo cha darubini ile kilikuwa na kipenyo cha sentimita 20. Mboni ya jicho, hata gizani, hupanuka hadi milimita 7 hivi tu. Kwa hiyo kioo kilikuwa kinakusanya nuru mara 800 ya ile ambayo jicho langu lingeipata peke yake. Wengi hudhani kazi ya darubini ni kukuza, lakini hilo ni jambo la pili. Kazi yake kubwa ni kukinga nuru, kama pipa linavyokinga mvua nyingi kuliko kikombe.

Kisha mawingu yakatanda, na Jabari akatoweka. Baadhi yetu tulianza kukunja viti. Mwalimu akasema, "Wanangu, msiondoke. Njooni kwenye pembe."

Pembe ilikuwa darubini ya redio ya karatasi za alumini, mdomo wake mpana umeelekea juu, upande wa kundinyota la Mke wa Kurusi, na kitako chake kimefungwa antena fupi. Kutoka hapo waya ulipita kwenye kikuzaji mawimbi, kisha kwenye kipokezi, hadi kwenye kompyuta. Sikutarajia makubwa. Kwenye kioo cha kompyuta mlikuwa na mstari uliotetemeka tu, kelele tupu. Lakini kadiri kompyuta ilivyoendelea kujumlisha vipimo, mtetemo ulitulia, na karibu na megahezi 1,420 ikaanza kuinuka nundu.

Ilikuwa hidrojeni. Elektroni ya atomu ya hidrojeni ikigeuza mwelekeo wa kujizungusha kwake kuhusiana na protoni, hutoa wimbi la redio la sentimita 21. Atomu moja huenda ikangoja miaka milioni 11 kabla ya kufanya hivyo, ila katika Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, atomu hazihesabiki, kwa hiyo wimbi halikatiki. Mwanafalaki Hendrik van de Hulst alilitabiri mwaka 1944. Wanafizikia Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa mwaka 1951, nao pia kwa pembe. Mawingu hayalizuii, wala vumbi la angani linaloziba nuru ya nyota za mbali.

Baadaye pembeni mwa nundu ya kwanza ikajitokeza ya pili, upande wa megahezi nyingi zaidi. Mwalimu alieleza kuwa hiyo ni gesi ya mkono mwingine wa galaksi yetu, inayotusogelea kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, ndiyo maana mawimbi yake yanatufikia yamebanwa. Nilisimama pale muda mrefu. Nebula, lile wingu la Jabari, ilikuwa nzuri, nakiri, lakini nundu ile ya pili ilinigusa zaidi: chini ya mawingu mazito tulikuwa tunapima mwendo wa mkono mzima wa galaksi.

Pembe ina udhaifu wake. Wimbi la sentimita 21 ni refu kuliko wimbi la nuru mara laki nne hivi, na wimbi likiwa refu, picha hufifia. Pembe yetu ilichanganya kipande kikubwa cha anga kuwa kipimo kimoja. Ndiyo maana wataalamu hujenga masahani makubwa ya antena na kuyaunganisha. Picha ya kivuli cha shimo jeusi la galaksi ya M87, iliyotolewa mwaka 2019, ilitokana na darubini za redio zilizotawanyika duniani zikifanya kazi kama moja.

Mwenzetu mmoja aliuliza tutajuaje kwamba nundu haitoki kwenye mtambo fulani wa jirani. Swali zuri sana. Karl Jansky, mhandisi wa redio, aliwahi kukabiliana nalo miaka ya 1930, akagundua kwamba kelele aliyoinasa inarudi kila baada ya saa 23 na dakika 56, kwa mwendo wa nyota, si wa jua wala wa mitambo ya watu. Tukaiacha pembe ilipo. Alfajiri nundu ilikuwa imepungua, maana Njia Nyeupe ilikuwa imeshapita. Wiki moja baadaye ilifika kileleni karibu nusu saa mapema kuliko usiku ule wa kwanza, kama nyota zifanyavyo.