Ghala la viazi Uyole: programu ya joto isiyoamka umeme ukirudi

Hali ya mradi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3 na sensa tatu za joto za DS18B20 ndani ya ghala la mbegu za viazi mviringo, Uyole, Mbeya. Waya wa data uko kwenye pini ya GPIO4, na rezista ya 4.7k kati yake na volti 3.3. Programu `pima.py` inaandika joto kila baada ya dakika 5. Ukiiwasha kwa mkono inakwenda vizuri. Umeme ukikatika na kurudi, Pi inawaka, programu haiwaki. Baridi ya Juni na Julai hapa huuma zaidi alfajiri, na saa hizo ndizo tunazozihitaji kuliko zote.

Kilichoondolewa. Mstari wa `@reboot` kwenye cron (kiratibu cha kazi cha Linux). Cron inatafuta amri ndani ya `/usr/bin` na `/bin` tu, na programu ikianguka hairudii. Sasa kazi iko kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux), faili `/etc/systemd/system/joto.service`:

```
[Unit]
Description=Joto la ghala

[Service]
User=ghala
WorkingDirectory=/home/ghala/joto
ExecStart=/home/ghala/joto/venv/bin/python -u pima.py
Restart=always
RestartSec=15

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kisha `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo systemctl enable --now joto`. Wengi huishia kwenye `start`. Hiyo huiwasha sasa hivi tu. Anayeiandikisha iwake na mashine ni `enable`, naye bila sehemu ya `[Install]` hana pa kuiandikisha.

`RestartSec=15` usiiache. Bila hiyo systemd husubiri milisekunde 100 tu kabla ya kujaribu tena, na kwa kawaida ikishawasha mara 5 ndani ya sekunde 10 inakata tamaa. Kosa dogo la sekunde mbili za mwanzo linageuka ukimya wa usiku kucha.

Kusoma kosa. `systemctl status joto`, halafu `journalctl -u joto -b`. Namba 203/EXEC: njia ya ExecStart si sahihi, faili halina ruhusa ya kuendeshwa, au ni skripti iliyoandikwa kwenye Windows, mstari wake wa kwanza ukabeba alama isiyoonekana mwishoni. 200/CHDIR: folda haipo au haifikiki. 217/USER: jina la mtumiaji limekosewa. Ukiona ModuleNotFoundError, Python inayotumika siyo uliyoiwekea maktaba. Ndiyo maana hapo juu njia inapita ndani ya venv, yaani folda yenye Python na maktaba za mradi huu.

Sensa. Mashine inapowaka, folda za `28-…` ndani ya `/sys/bus/w1/devices` huchelewa kidogo. Programu iliyotaka sensa ya kwanza kwenye orodha tupu ilikufa papo hapo. Sasa inasubiri mpaka zote tatu zionekane. Pia DS18B20 ikipata umeme huanza na nyuzi 85 kabla ya kipimo cha kweli. Ghalani namba hiyo haiwezekani, inatupwa.

Intaneti. Wengine huongeza `After=network-online.target` pamoja na `Wants=` yake. Kwa mradi huu sikubaliani nao: kipimo kisingoje modemu. Programu inaandika kwanza kwenye kadi, na kutuma ni kazi ya huduma nyingine.

Saa. Pi 3 haina saa yenye betri. Umeme ukikatika ghafla, inaamka na muda wa mwisho iliouhifadhi, na bila intaneti vipimo vya saa kumi alfajiri vinaweza kuandikwa saa sita usiku. Imeongezwa saa ya DS3231 yenye betri ya CR2032: pini 1 umeme, 3 SDA, 5 SCL, 9 ardhi. Washa I2C (mawasiliano ya pini za SDA na SCL), kisha weka `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` ndani ya config.txt. `sudo i2cdetect -y 1` ikionyesha UU mahali pa 68, dereva ameishika. Weka muda kwa `sudo hwclock -w`, hakiki kwa `sudo hwclock -r`.

Jaribio. `reboot` haitoshi, maana huzima kwa utaratibu na kuhifadhi muda. Andika `sync`, chomoa modemu, kata umeme ukutani, ngoja dakika 10, rudisha. Mstari mpya wa joto wenye saa sahihi ukikosekana baada ya dakika 6, rudi kwenye `journalctl`.