Mkate wa Magadi na Sala za Machungani

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Zamu ya tafakari wiki hii imeniangukia mimi, na sababu naijua: tarehe 17 Machi ni sikukuu ya Mtakatifu Patrick, nami naishi Ireland, nchi aliyoihubiria. Mji umeshaanza kuvaa kijani. Madukani kuna kofia za kijani, keki za kijani na ndevu za bandia, na wapo watakaoanza kunywa kabla ya saa sita mchana. Sina ugomvi na kijani. Gwaride linapendeza, watoto wanachangamka, na bendi za shule zikipita hata mimi natoka kuangalia. Ila shamrashamra nyingi za siku hii zilikulia Marekani, kwa wahamiaji, ndipo zikarudi nyumbani. New York waliandamana tangu mwaka 1762, na mto wa Chicago unatiwa rangi ya kijani tangu 1962. Hapa Ireland kwenyewe, kwa miongo kadhaa ya karne ya 20, baa zilifungwa siku hii kwa sheria. Watu walikwenda Misa na shamrock kifuani, yaani kile kijani chenye vijani vitatu, wakarudi nyumbani kula.

Hicho chakula nacho si kikubwa: nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, ikachemshwa pamoja na kabichi, na viazi pembeni. Ile nyama ya ng'ombe ya chumvi mnayoiona kwenye picha ni ya wale waliohamia New York, waliokuta kwa wachinjaji wa Kiyahudi nyama hiyo ina bei nafuu. Na kwa kuwa sikukuu huangukia Kwaresima kila mwaka, Wakristo wa huku walizoea kuihesabu kama nafasi ya kupumua katikati ya mfungo. Ikiwa Ijumaa, maaskofu kadhaa wa Marekani hutoa ruhusa ya kula nyama. Wengine mtanuna kusikia hivyo.

Mimi siku hii huiadhimisha kwa mkate. Mkate wa huku haudai hamira. Ni unga wa ngano, chumvi, kijiko cha magadi ya kupikia na maziwa ya mtindi, basi. Unachanganya kwa mkono mmoja, haraka, wala huukandi, kwa sababu magadi yakikutana na uchachu wa mtindi yanaanza kazi papo hapo. Ukisimama kupiga soga, hewa yote imeshatoka na mkate hauumuki tena. Magadi yalipoanza kupatikana kwa bei ndogo katika karne ya 19, akina mama wa Ireland waliyapokea kwa furaha, maana ngano yao ni laini na haishiki vizuri ikitiwa hamira. Wasiokuwa na oveni walioka ndani ya chungu cha chuma juu ya moto wa mboji iliyokaushwa, na kifunikoni wakapalia makaa. Mtu wa Tanga au Lamu aliyewahi kupika mkate wa kumimina kwa moto wa juu na chini hana la kufundishwa hapo.

Kabla ya kuoka, mkate hukatwa msalaba juu kwa kisu. Waokaji watakwambia ni ili moto ufike katikati. Wazee wengine watakwambia ni kuvifungulia njia viumbe vya hadithi za kale vitoke. Wengi wanakata tu, midomo ikitamka baraka, na mkono umeshafika kwenye kazi nyingine.

Jioni nashona. Mama mmoja wa parokia amenifundisha kutengeneza mfarishi wa viraka kwa mtindo wanaouita mnyororo wa Ireland: vipande vidogo vya mraba vinavyokimbia mshazari kutoka pembe hadi pembe, na katikati yake miraba mikubwa mitupu. Wao hutumia nyeupe na kijani au nyeupe na nyekundu. Mimi nimetumia khanga zilizochakaa, na kipande kimoja kimebakiwa na "subira yavuta", heri yake ikaenda na mkasi. Uzuri wa mfarishi ni kwamba vipande vya juu peke yake havijawa kitu. Mpaka utandike pamba katikati na kitambaa chini, kisha sindano ipite tabaka zote tatu, mshono baada ya mshono, katika ile miraba mitupu ambayo wageni hawaitazami. Huko Derry, kaskazini, wanawake wa viwanda vya mashati walirudi nyumbani na mabaki ya vitambaa wakayageuza kuwa mifarishi. Na katika nyumba nyingi za nchi hii mifuko ya unga ilifuliwa mpaka maandishi yakafifia, ikawa kitambaa cha chini.

Nasema yote haya, wapendwa, kwa sababu Patrick mwenyewe alijifunza kusali akiwa na kazi mikononi, tena kazi ambayo hakuichagua.

Habari zake tunazipata katika maungamo aliyoyaandika mwenyewe kwa Kilatini katika karne ya 5. Nyoka anaosemekana kuwafukuza hawamo, shamrock anayosemekana kuitumia kufundisha Utatu haimo; hizo ni simulizi zilizokuja baada yake. Anaanza kwa kujiita mwenye dhambi, mshamba kabisa, mdogo kuliko waamini wote. Alikuwa kijana wa Britania iliyotawaliwa na Warumi, babaye shemasi, babu yake padri, yaani mtoto wa nyumba ya kanisa hasa. Na bado anakiri kwamba hakumjua Mungu wa kweli, wala yeye na wenzake hawakuwasikiliza mapadri wao. Wazazi wenye vijana wanaobaki nje wakati wa homilia wataielewa familia hiyo.

Akiwa na umri wa kama miaka 16 walivamiwa, akachukuliwa utumwani Ireland pamoja na maelfu ya watu. Kwa miaka sita alichunga mifugo ya mtu mwingine. Na huko machungani, anasema, upendo wa Mungu ukaongezeka ndani yake, hata ikawa kwa siku moja anasali sala kama mia, na usiku karibu idadi hiyo hiyo, msituni na mlimani. Aliamka kabla ya mapambazuko asali, katika theluji, baridi kali na mvua. Fikirini: mtoto wa shemasi aliyekaa karibu na altare tangu utotoni hakusali, na mchungaji mtumwa asiye na kanisa wala padri wala kitabu akasali mara mia. Kondoo hawakumpa likizo. Hakungoja kazi iishe ndipo aanze sala, maana kazi ya mtumwa haiishi.

Paulo aliposema "ombeni bila kukoma" (1 Wathesalonike 5:17), wengi wetu tulidhani anawasemea watawa. Mimi namsikia akimsemea mtu aliyeshika mwiko. Sala ya aina hii ni fupi, inarudiwarudiwa, inapenya kati ya tendo na tendo. "Yesu, nihurumie," maji yanachemka. "Salamu Maria," uzi unaingia tunduni. Watu wa Ireland ya zamani walikuwa na sala ya kufukia moto usiku. Mama aliyafunika makaa kwa majivu ili asubuhi ayakute hai, akasema kwa lugha yao: nauhifadhi moto huu kama Kristo anavyowahifadhi wote, Brigida (mtakatifu wao mwingine) kwenye ncha mbili za nyumba, na Maria katikati. Bibi zetu nao walifukia makaa kila usiku, na sina shaka wengi walikuwa na lao la kusema midomoni.

Usiku mmoja, mwaka wa sita, Patrick akasikia sauti usingizini: unafunga vizuri, karibuni utarudi nchi yako. Tena ikamwambia kwamba chombo chake kiko tayari. Angalieni mahali sauti ile ilipoanzia. Kijana anayekula chakula cha mtumwa, Mungu anamhesabia mfungo. Hilo nawaachia ninyi mnaofunga Kwaresima hii kwa sababu mfukoni hamna kitu, na mnaona aibu kuita hali hiyo mfungo.

Akatoroka, akasafiri mbali mpaka pwani, akarudi kwao. Baadaye katika ndoto akaisikia sauti ya watu wa Ireland ikimsihi aje atembee tena kati yao, naye akarudi akiwa askofu kwa watu waliomfanya mtumwa. Matunda ya kurudi kwake yalifika hadi kwetu. Tarehe 17 Machi 1932 huko Kiltegan, hapa Ireland, lilianzishwa shirika la mapadri wamisionari lenye jina lake, na ndugu zetu wa Turkana wanawafahamu mapadri hao vizuri.

Hapa ndipo tafakari nyingi za sikukuu hii huishia: alisamehe, akarudi, nasi tusamehe. Ni kweli. Lakini hayo ni nusu, na nusu hiyo peke yake inaweza kuwaumiza watu. Ukimwambia binti anayefanya kazi za ndani Muscat, aliyenyang'anywa pasipoti na halipwi, kwamba Patrick alisali mara mia kwa siku na yeye asali avumilie, umemtumia mtakatifu vibaya.

Kwa sababu Patrick huyo huyo, wanajeshi wa mtawala aliyeitwa Coroticus walipowaua baadhi ya wabatizwa wake wapya na kuwateka wengine, mafuta ya krisma yakiwa bado yananukia kwenye vipaji vya nyuso zao, alituma padri kudai mateka warudishwe. Wakamcheka. Basi akaandika barua ya hasira takatifu, akawatenga na kanisa, akawaagiza waamini wasile wala wasinywe nao mpaka watubu na kuwaachia watu wale. Na katika maungamo yake, akiwasifu wanawake waliomfuata Kristo, anasema wanaoteseka zaidi ni wale walioshikwa utumwani. Alijua. Utumwani alikutana na Mungu, wala hakuusifu utumwa hata siku moja.

Basi tukisoma Wakolosai 3:23, "lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu", tusifunge Biblia mapema. Maneno hayo yanasemwa kwa watumwa, na mistari michache mbele, mwanzoni mwa sura ya 4, Paulo anawageukia mabwana: wapeni yaliyo ya haki, mkijua kwamba ninyi nanyi mna Bwana mbinguni. Mimi nimesikia homilia nyingi za mstari wa kwanza. Huo wa pili huwa tunausoma na kuupita.

Wiki hii, anayeweza aoke mkate wa magadi. Mtindi na unga mnavyo. Ukikata msalaba juu, mtaje kwa jina mtu mmoja unayemjua anayefanya kazi asiyoichagua, nchini au ughaibuni. Anayeshona amtaje katika kila safu ya mshono. Jioni someni Matendo 9:36-42 pamoja na watoto, pale wajane wanapomwonyesha Petro kanzu na nguo alizoshona Dorkasi. Hawakuwa na hotuba ya kumsifia marehemu, walionyesha nguo tu. Na kama nyumbani kwako yuko dada wa kazi, tarehe 17 mpe nafasi aende Misa asubuhi, umpe na mshahara wa Februari kama bado hujamlipa.