Kosa la mwembe ni kumwaga majani

Mliokulia Tabata, Dar es Salaam, wakati viwanja bado ni viwanja mtanielewa haraka. Uwani kwetu kulikuwa na mwembe dodo, mkungu, mpera uliojiotea wenyewe karibu na choo cha nje, na mchanga uliofagiliwa kwa chelewa mpaka ukabaki na michirizi. Nimerudi kutoka Leicester, Uingereza, mwishoni mwa Machi, masika inanukia, nafungua mlango wa nyuma: pevingi, vitofali vitupu. Nyekundu na kijivu, ukuta hadi ukuta. Kijani kilichobaki ni vyungu viwili vya maua ya plastiki.

Mdogo wangu alinitembeza kwa fahari. "Dada, si umeona? Pamekuwa kama hotelini." Nikauliza mwembe uko wapi. "Ulikuwa unachafua." Basi, kesi imekwisha. Hela nilituma za bati. Bati ni lile lile, na jikoni kunavuja pale pale.

Nilipokuwa kule niliota uwani huu kuliko nilivyoota bahari. Majirani zangu wa Leicester walijua majira kwa kalenda. Mimi niliwaambia sisi tunayajua kwa mkungu, unaogeuza majani mekundu kabla ya kuyaangusha, na kwa maua ya mwembe. Nilijigamba sana. Sasa nazunguka mtaani kumbe mashtaka ni hayo hayo kila geti: mzambarau umekatwa kwa sababu unatia gari madoa, mwarobaini umekatwa kwa sababu unajaza mifereji ya paa. Nikamlalamikia mama, nikitegemea atakuwa upande wangu. Akanitazama. "Wewe mwanangu majani ulikuwa unayaangalia. Mimi nilikuwa nayafagia." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini hasira ninayo.

Masika ilipoanza ndipo nilipoona gharama ya pevingi. Zamani mvua kubwa ilijaza dimbwi chini ya mwembe, vyura wakapiga kelele usiku kucha, asubuhi mchanga ulikuwa umeshayanywa maji yote. Pevingi haina kiu. Maji yanateleza mpaka ukutani, yanakuta kitundu cha kupitisha bomba, yanarudi jikoni kwa mama. Majongoo, yale meusi makubwa, walitoka kama kawaida yao wakati wa mvua, wakatembea huku na huku wakitafuta udongo wa kuingia. Jua likiwaka walijikunja na kukaukia mlangoni. Konokono ndio walionichekesha, kisha wakaniogofya. Hawa wakubwa ni wenyeji wa pwani yetu tangu zamani. Kule Florida, Marekani, serikali inapambana nao kama adui. Hapa kwetu, jani la kula halipo, basi usiku nawamulika na tochi nawakuta wamejipanga ukutani wanakwangua chokaa. Wanahitaji chokaa kwa ajili ya magamba yao. Rangi mpya ya mdogo wangu sasa ina mabaka.

Kipupwe sina la kusema. Upepo wa kusi, usiku mzuri wa kulala, uwani mjusi mmoja mmoja.

Kunguru hawajali majira. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu si wa kwetu: waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji, wakavuka na kuenea pwani nzima. Nilipokuwa mdogo walikuwepo tele, sidanganyi. Ila kuku wa mama alikuwa na vichaka vya kuficha vifaranga. Kwenye uwanja mtupu kifaranga ni kama andazi juu ya sahani. Mama ameacha kufuga. Chozi nao, wale vindege wadogo wa kunyonya maua, sijawaona hata mara moja. Plastiki haina asali.

Kilichoniokoa ni mwembe wa jirani, ambao tawi lake moja limevuka ukuta. Mwezi wa nane ulitoa maua, nzi wakajaa, na watu wanasema nzi ni uchafu pia, wakati wao ndio wanaofanya kazi kubwa ya kuchavusha maembe. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, wameshona viota vyao vya majani humo, wananiuma nikikaribia, na nawapenda hivyo hivyo. Wataalamu wa minazi wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni walikuwa wakiwahimiza wakulima wawaache majimoto juu ya minazi, maana wanawafukuza wadudu wanaoharibu nazi changa. Usiku popo wanakuja kutafuna maembe na kutudondoshea kokwa. Mdogo wangu anazifagia akilaani. Kumbe uchafu umehamia kwa jirani na bado unatufikia.

Halafu ikaja vuli, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Mvua ya kwanza nzuri ilinyesha mchana. Jioni nikaona katikati ya uwani, pale pale ulipokuwa mwembe, kitu kinachemka kwenye maungio ya vitofali. Kumbikumbi. Walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwenye ufa usiopitisha hata ukucha, mabawa yamekunjwa, wanajivuta, wanayatandaza, wanaruka kwenye taa. Zamani tungeweka beseni la maji chini ya taa tukawakaanga na chumvi. Watoto wa mdogo wangu walipiga mayowe, mama yao akaja na kopo la dawa ya mbu. Nikasema watu wa nyumba hii wamelogwa.

Siku chache baadaye, asubuhi, kitofali kimoja kilikuwa kimeinama. Chini yake kimechomoza kichwa cha uyoga, kina ncha ngumu katikati kama kidole kinachobonyeza. Nikang'oa vitofali vitatu kwa bisibisi, nikachimba kwa mkono. Mguu wa uyoga ulikuwa unakwenda chini tu, mwembamba, mweupe, unazidi kwenda, mpaka ukakatika nikiwa nimeingiza mkono hadi kiwiko. Ni wale uyoga wanaolimwa na mchwa. Mchwa wanatafuna mti mkavu, wanaurundika chumbani mwao, uyoga unaota juu yake, wao wanakula. Mvua ikija, uyoga unatafuta njia ya kutoka. Na mti mkavu wenyewe ni upi? Mwembe! Walikata shina, wakamwaga mchanga, wakapanga vitofali juu ya mizizi. Tangu siku ile mchwa wanaula huko chini taratibu, na sasa pevingi inatitia katikati. Mpira wa watoto ukipotea, unaukuta hapo.

Nilicheka peke yangu kwa sauti, cheko baya. Mdogo wangu ameleta fundi, na fundi ameshauri dawa ya mchwa kisha zege juu. Zege! Bei yake inatosha bati la nyumba nzima.

Kwa hiyo ninyi mnaotuma hela za "kupendezesha mazingira", tumeni mkijua tafsiri yake. Simamieni wenyewe, au mwambieni fundi aache duara la udongo kuzunguka kila mti, hatua mbili kila upande, na asilipwe mpaka apige picha. Mche upandeni mvua zikianza, si Januari kwenye jua la kiangazi eti ndio mpo likizo. Uyoga msioujua msile, hata kama bibi yenu alikuwa anaupika. Bibi alijua upi ni upi, ninyi mmekulia kwenye foleni za supamaketi. Na mkikuta mti umeshakatwa, msilie mbele ya mama zenu. Mtapewa fagio.

Vitofali nilivyong'oa sijavirudisha na sivirudishi. Mwenye kujua wanapouza miche ya embe dodo au bolibo iliyobebeshwa, maeneo ya huku Tabata au hata Kimara, aniambie. Bei iwe ya Mtanzania, si ya dada wa Ulaya.